Askari Kumi na Nganya Moja

Nina jeshi. Askari ni kumi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, na gari moja linaloruka. Wanalala kwenye trei ya mayai juu ya kabati, kila mtu na shimo lake. Wanaitwa Sacco ya Zuhali, wanapiga ruti ya pete za sayari hiyo, na siku ya vita hawana huruma.

Najua kuna wasee wameanza kucheka. Chekeni mmalize, nitangoja.

Haya. Mchezo wa vita wa mezani hauna ubao wa miraba kama drafti au chesi. Meza ni meza tu, mnaijaza nyumba, mawe na takataka za kujifichia. Wewe una vijisanamu vyako, mwenzako ana vyake. Mnapima umbali wa kutembea na wa kupiga risasi kwa futikamba, ile ya fundi wa nguo, na dadu inaamua nani amepatwa. Si kitu kipya. H. G. Wells, yule Mwingereza aliyeandika hadithi ya watu wa Mirihi kuvamia dunia, alichapisha kitabu cha sheria za kucheza na askari wa kuchezea mwaka wa 1913, akiwa mtu mzima na familia yake. Leo mchezo unaojulikana kuliko yote ya aina hii ni Warhammer 40,000, wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1987, kikaandikwa na Rick Priestley. Vita viko mbali huko mbele, miaka elfu thelathini na nane baada yetu, na kila mtu anapigana na kila mtu.

Sasa tuongee pesa, juu hapo ndipo vijana wengi wa Nairobi huachia. Sanduku la kuanzia la Warhammer, lile linaloitwa Combat Patrol, linakaribia pauni 100 kule Uingereza. Hiyo ni zaidi ya elfu kumi na tano kabla halijapanda ndege. Weka kusafirisha. Weka ushuru wa forodha. Weka VAT ya asilimia 16. Kisha weka rangi, brashi na gundi, juu askari wenyewe wanakuja vipandevipande, kijivu kitupu, unawaunga mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa na elfu kumi na nane kwa simu, malipo ya kuhariri video za harusi mbili, na nilikaa na hesabu hiyo wiki nzima. Elfu kumi na nane ni kodi ya miezi miwili ya keja yangu hapa Zimmerman. Nikalipa kodi. Lakini jeshi bado nililitaka.

Kuna rafiki yangu ambaye dadake yuko ng'ambo na alimletea sanduku lake akija likizo. Nilipomwambia natengeneza langu akaniangalia vile mtu huangalia viatu feki. Akasema, "Buda, bila askari wa kampuni huchezi. Unaigiza."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii kitu.

Kwanza kihistoria si kweli. Siku za mwanzo za Warhammer, magari mengi yaliyotajwa kwenye mchezo yalikuwa hayajatengenezwa na mtu yeyote. Basi waandishi wa mchezo wenyewe wakawafundisha wachezaji kujiundia. Gari la vita moja, maarufu mpaka leo kwa wanaopenda historia ya mchezo, lilitengenezwa kwa kopo la deodoranti. Nasema kopo la deodoranti! Hao ndio wazee wa mchezo, na walikuwa jua kali kama fundi yeyote wa Kamukunji.

Pili, na hii ndiyo inanikera zaidi: ule ulimwengu una kila kitu isipokuwa sisi. Meli zao za anga zina minara kama ya makanisa ya kale. Majina ni ya Kilatini au karibu na Kilatini. Kuna mfalme anakaa kwenye kiti cha dhahabu, kuna mafuvu kila mahali, kuna masista wanapiga watu moto. Ni Ulaya ya zamani imefungwa injini. Siwalaumu, waliandika walichokulia nacho, na ukiangalia Space Marine aliyepakwa rangi vizuri unakubali kwamba hiyo ni kazi ya watu wanaojua kazi. Lakini mimi sijakulia kwenye minara. Nimekulia kwenye mabati, na kwenye nganya za Rongai zilizochorwa mpaka kwa rimu. Kama binadamu watafika Zuhali, kuna mtu atakuwa anasimama mlangoni akigonga bodi akiitisha abiria, na huyo mtu ni wa kwetu.

Na tusidanganyane kwamba anga za juu ni za wengine. Desemba 12, 1970, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini upande wa Malindi. Ilikuwa ya Wamarekani, Waitaliano wakairusha, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kutazama eksirei zinazotoka kwa nyota. Iliitwa Uhuru, kwa Kiswahili hivyohivyo, juu siku hiyo Kenya ilikuwa inafikisha miaka saba ya kujitawala. Nilipitia shule ya msingi, sekondari na nusu ya chuo bila mtu kunitajia hiyo stori. Aprili 2023 satelaiti yetu, Taifa-1, ikapanda kutoka California. Halafu Desemba 30, 2024, mambo yakageuka: kitu kutoka angani kikatuangukia. Pete ya chuma, upana wa mita mbili na nusu hivi, uzito wa karibu kilo 500, ikatua kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Wanakijiji walitoka nyumbani wakapata pete ya moto imelala kichakani.

Wewe ukiona hiyo habari unafikiria nini? Mimi nilifikiria, hii ni mechi.

Lakini nianze na kutengeneza, juu hapo ndipo kuna utamu.

Askari nilinunua mjini, pakiti mbili za wale wa plastiki wa kijani wanaouzwa pamoja na magari ya kuchezea. Mia mbili kila pakiti. Ni wakubwa kuliko wa Warhammer, hawa wana kama milimita 50 na wale wako kwenye 28 hadi 32, lakini kama jeshi lako na la mwenzako ni saizi moja hakuna anayeumia. Shida yao ni plastiki yenyewe. Ni laini na ina mafuta, kwa hivyo rangi inabanduka na supaglu haishiki. Dawa ya rangi ni kuwaosha kwa sabuni ya vyombo, wakauke usiku mzima, kisha uwapake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo. Ikikauka inakuwa kama ngozi, na rangi inashika hiyo ngozi. Dawa ya supaglu ni kutoitegemea.

Hapa ndipo fundi wa redio wa pale stejini alinisaidia. Ana ndoo nzima ya bodi zilizokufa, na aliniambia nichukue ninachotaka bora nisimwage. Taa ndogo za LED, zile za milimita 5, zina kichwa cha duara na miguu miwili ya waya. Nilikata kichwa cha askari kwa wembe, nikatoboa shingo kwa sindano iliyopashwa moto, nikaingiza miguu ya taa. Ghafla yule askari wa kijani wa vita vya zamani ana kofia nyekundu inayong'aa ya mtu wa angani. Kapasita mbili mgongoni, nazo zina miguu ya waya, zikawa mitungi ya hewa. Rezista ikawa mtutu wa bunduki, na zile pete zake za rangi zikafanya ionekane ni silaha ghali. (Chukua za redio ndogo. Zile kubwa za TV ya zamani zinaweza kuwa bado zimeshika umeme, na sitaki kuskia mtu amerushwa ukutani kwa sababu yangu.)

Vitako ni vifuniko vya soda. Upana wake ni kama milimita 32, na nilicheka sana nilipojua kwamba Space Marine wa siku hizi anasimama kwenye kitako cha milimita 32 pia. Nottingham na kibanda cha mama wa soda wamekubaliana bila kukutana. Unapunguza kile kitako cha askari kwa wembe, unakizamisha kwenye kifuniko kwa mchanga na gundi ya mbao, na baada ya siku mbili hata akianguka mezani hatoki.

Rangi nayo si uchawi. Unapuliza nyeusi kila mahali. Unachovya brashi kwa rangi ya kijivu, unaifuta kwa tishu mpaka inakaribia kuisha, kisha unasugua juujuu. Rangi inashika palipoinuka tu, mikunjo inabaki nyeusi, na kijisanamu kinaanza kuonekana kina misuli. Halafu rangi zenyewe: sare ya maruni, kama ya makanga, na mistari ya manjano. Mwisho unachukua kahawia, unaifanya nyembamba kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, unaimwagia askari mzima. Inateremka kwenye mikunjo na inafanya uchafu. Nilipomaliza wa kwanza nilimweka dirishani nikamwangalia dakika kumi, nikaacha chai ikapoa.

Nyumba ni katoni. Ukilowesha katoni na kubandua karatasi ya juu unapata mabati, mabati kabisa, na migongo yake. Wazungu kwenye video zao hufanya hivyo kupata ghala la kigeni lililochakaa. Sisi tunapata tu mtaa.

Na nganya? Kopo la deodoranti, bila shaka. Niliwapa heshima wazee. Lile la kusukuma, lenye umbo la yai, limelazwa ubavu. Madirisha nimechora meusi, spika za nyuma ni vifungo vya shati, na kioo cha mbele kimeandikwa PETE EXPRESS kwa kalamu nyeupe. Ubavu mmoja umechukua usiku nne peke yake, juu nilitaka grafiti ya sayari yenye mwanga unaofifia pembeni, vile vijana wa kuchora nganya hufanya kwa kupuliza, na mimi nilikuwa na brashi ya mia. Ile kazi ya pale mitaani huwa tunaipita tukikimbilia fare ya bei ya chini. Jaribu kuifanya kwa upana wa vidole vitatu ndipo ujue wale watu ni akina nani.

Gharama yote: askari 400, supaglu mbili 100 za kushikisha katoni na vifungo, rangi ya kupuliza 400, rangi nne ndogo 600, brashi mbili 160. Gundi ya mbao niliomba kwa seremala. Elfu moja mia sita na sitini. Na hiyo ni majeshi mawili, juu mechi bila mpinzani ni kupanga vitu mezani.

Mpinzani wangu ni binamu yangu, yuko kidato cha pili na huja kwangu wikendi. Jeshi lake ni Kanjo wa Mushtarii, manjano tupu, na gari lao ni mkebe wa dawa ya viatu wenye kreni ya kuvuta magari. Aliunda mwenyewe. Kazi yao kwenye hadithi ni kulinda mizunguko ya sayari dhidi ya watu wasio na leseni, yaani sisi.

Sheria tunatumia Grimdark Future: Firefight, za One Page Rules. Za kuanzia unazipakua bure, zinakubali kijisanamu chochote, na dadu ni hizi za kawaida za ludo. Mimi nasogeza mmoja, wewe unasogeza mmoja, mpaka raundi iishe, na raundi ni nne. Ukipiga risasi unarusha dadu. Kama askari wako ni wa nne-kwenda-juu, basi nne, tano na sita zimempata mtu. Yule aliyepatwa naye anarusha kujikinga.

Nilisomea takwimu chuoni mpaka mwaka wa tatu, nikaacha. Huko hesabu za bahati nasibu zilikuwa ni mipira myekundu na mieupe ndani ya mfuko, na sijawahi kumjua mtu mwenye huo mfuko. Mezani ni hivi: mpigaji wangu anapata nusu ya risasi. Kanjo anajikinga kwa tano au sita, kwa hivyo theluthi mbili ya zilizompata zinapenya. Nusu ya theluthi mbili ni theluthi moja. Risasi tatu, moja inaingia. Sasa mweke kanjo nyuma ya ukuta wa katoni, ukuta unamwongezea moja kwenye kujikinga, anajikinga kwa nne. Nusu ya nusu. Sasa unahitaji risasi nne. Binamu yangu, ambaye hesabu ilikuwa imemshinda mpaka mwalimu wake akamwita mathe yake shuleni, alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hivyo ukuta ni mtu mmoja wa bure kwa kila watatu." Sikumfundisha hiyo. Aliitoa mwenyewe akiwa amepiga magoti sakafuni, anatafuta njia ya kuniua dereva.

Dereva wangu ni mwanamke, Mama Pete. Kofia yake ni LED ya kijani, wengine wote ni nyekundu. Ameangushwa mechi tatu kati ya tano na kila mara ni kwa kanjo mmoja huyohuyo mwenye mkono uliovunjika.

Mechi yenyewe ni Mukuku. Katikati ya meza kuna pete, waya wa shaba nimeukunja. Imeanguka kutoka Zuhali. Sacco inaitaka juu ni yao, kanjo wanaitaka juu kila kilichoanguka ni cha ofisi. Lakini kuizunguka pete kuna maharagwe kumi na mbili, na hayo ni wanakijiji. Kila mwisho wa raundi tunarusha dadu moja: nne kwenda juu, maharagwe yanaikokota pete inchi tatu kuelekea boma lao. Huruhusiwi kupiga risasi inayopita katikati yao. Ukikanyaga haragwe umepoteza pointi. Na kama raundi ya nne inaisha pete iko ndani ya boma, mimi na binamu tumeshindwa wote, wanakijiji wamechukua. Hiyo sheria haiko kwenye kitabu cha mtu. Binamu ndiye aliyeipendekeza, akiuliza mbona kwenye michezo yote watu wa kawaida ni wa kufa tu. Mpaka sasa maharagwe yana ushindi mara mbili, kanjo mara mbili, Sacco mara moja.

Desemba, nyumbani ushago, mjomba aliona trei ya mayai nikiitoa kwenye begi. Akaangalia askari mmoja baada ya mwingine, taratibu, kisha akauliza mbele ya watu wote, "Kwa hivyo uliacha chuo ukacheze na vidoli. Na hii inakulipa nini?" Mjomba hajibiwi, nikatabasamu nikala. Lakini hilo swali naliskia pia kutoka kwa watu wa rika yangu, na wao nawajibu. Hailipi. Nahariri video za watu, hiyo ndiyo inalipa. Marafiki wa kazi wameniambia nirekodi nikipaka rangi, nifungue duka la kuuza nganya za deodoranti, nitafute mdhamini. Naona venye wanafikiria na si wajinga, tuko Nairobi na kila mtu ana kodi. Ila kila kitu nilichowahi kupenda kikageuka kazi, kuanzia kupiga picha, nilianza kukihesabu kwa watazamaji. Sacco ya Zuhali ina watazamaji kumi na wawili na ni maharagwe. Rekodi ya mechi iko kwenye daftari la zamani la chuo, upande wa nyuma.

Yule rafiki wa askari wa kampuni amesema atakuja. Ameniuliza kwanza kama Space Marine wake watano wanaweza kuingia kwenye sheria zetu, nikamwambia wanaweza, watakuwa wafupi kidogo lakini watakaa. Binamu anataka waangushwe raundi ya kwanza, kwa heshima. Pia ameongeza kanjo wa kumi na moja bila kuniambia. Nimehesabu pointi zake mara mbili, ziko 215, na tulikubaliana 200. Anasema yule ni dereva wa kreni na dereva ni sehemu ya gari. Jumamosi tutaanza na hiyo kesi kabla hatujagusa dadu.